Mwiba wa Kujidunga Nao Huambiwa Pole: Barua kwa Nafsi kama Njia ya Kujipenda

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Methali hii hutumiwa kumkanya anayejitia mashakani kwa hiari yake, na aghalabu msemaji wake huwa mtu mwingine: mzazi, jirani au mwalimu. Hata hivyo, kuna msemaji wa pili ambaye ni rahisi kusahauliwa, naye ni yule yule aliyedungwa. Usiku, baada ya taa kuzimwa, mtu huyu hujisomea methali hiyo mwenyewe, tena kwa ukali ambao asingethubutu kuutumia kwa jirani aliyepatwa na mkasa kama wake.

Makala haya yananuia kueleza tendo la mtu kujiandikia barua kama njia ya kujipenda. Yataanza kwa kufafanua dhana yenyewe, kisha yaitafutie mizizi katika fasihi ya Kiswahili na ya Waluo, na hatimaye yaonyeshe jinsi barua ya aina hii inavyoweza kuandikwa katika mtaa kama Nyalenda, mjini Kisumu. Hoja kuu ni kwamba kujipenda si kujisifu wala si kujikaripia, bali ni hali iliyo baina ya hayo mawili, na kwamba barua, kwa muundo wake, humlazimisha mwandishi kusimama hapo katikati.

Dhana ya Barua kwa Nafsi

Barua kwa nafsi ni barua ambayo mwandishi na mwandikiwa ni mtu mmoja. Mwandikiwa anaweza kuwa nafsi ya leo, nafsi ya miaka iliyopita au nafsi ya miaka ijayo. Ikumbukwe kwamba barua hii si shajara. Katika shajara mtu huweka kumbukumbu ya yaliyotendeka, na husema "nilifanya", "niliumia", "nilikosa". Katika barua kwa nafsi husema "ulifanya", "uliumia", "ulikosa". Tofauti ni ya kiambishi kimoja tu, yaani ni- na u-, lakini ndiyo inayobeba uzito wote wa tendo hili.

Hapa lugha ya Kiswahili ina bahati ya pekee. Neno "nafsi" katika Kiswahili lina maana ya utu wa ndani wa mtu, na papo hapo ni istilahi ya sarufi: nafsi ya kwanza, nafsi ya pili, nafsi ya tatu. Anayejiandikia barua huitoa nafsi yake kutoka nafsi ya kwanza na kuipeleka katika nafsi ya pili. Huiweka mbele yake, aitazame jinsi anavyomtazama mgeni aliyebisha hodi.

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall, nchini Marekani, walichapisha utafiti ambapo wanafunzi wa chuo kikuu waliandika kwa dakika 15 kila siku kwa siku nne mfululizo. Wale walioandika kuhusu masaibu yao makubwa, wakaeleza tukio pamoja na hisia zao, walikwenda kwa daktari mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Mwaka 2010 Leah Shapira na Myriam Mongrain, nchini Kanada, waliwaomba washiriki wajiandikie barua ya huruma kila siku kwa siku saba. Walioandika barua hizo walipungukiwa na dalili za sonona, na nafuu hiyo ilionekana hata baada ya miezi mitatu. Fauka ya hayo, mwaka 2014 Ethan Kross na wenzake walionyesha kwamba mtu anayejisemesha kwa jina lake au kwa "wewe", badala ya "mimi", huimudu hofu vyema zaidi. Kwa hakika, walichopima watafiti hao wa mwisho ni ile safari kutoka ni- hadi u-.

Mizizi ya Kujisemesha katika Fasihi

Huenda msomaji akadhani kwamba hili ni zoezi la kigeni lililoletwa na vitabu vya ushauri. Sivyo. Barua kwa nafsi ni tawi la mti wa kale, mti wa mtu kuzungumza na nafsi yake. Fasihi ya kuigizwa huujua kwa jina la uzungumzi nafsia. Mfalme wa Kirumi Marcus Aurelius, katika karne ya pili, aliandika kwa Kigiriki daftari zima la mawaidha ambayo mwandikiwa wake alikuwa ni yeye mwenyewe.

Karibu na nyumbani, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, utenzi ambao William Hichens aliuhariri na kuuchapisha mjini London mwaka 1939. Mtunzi anausemesha moyo wake mwenyewe. Anauonyesha magofu ya Pate, majumba yaliyokuwa na fahari na sasa ni makao ya popo na ndege, na kuuonya usihadaike na dunia. Haya ni mazungumzo ya nafsi kwa nafsi, na shabaha yake ni njema kwa kuwa mtunzi anataka kuuokoa moyo wake. Hata hivyo, sauti inayotawala ni ya onyo. Moyo unakaripiwa kuliko unavyotulizwa.

Kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria kuna desturi inayoelekea upande wa pili. Waluo huiita pakruok. Neno hili linatokana na kitenzi chenye maana ya kusifu, na kiishio chake hufanya kazi inayofanana na ile ya kiambishi -ji- cha Kiswahili: ni kujisifu. Katika hafla zinazotumbuizwa kwa nyatiti, ile ala ya nyuzi nane, au kwa muziki wa benga, mtu hutoa pesa, muziki ukasimamishwa, naye akajitaja kwa majina ya sifa: kwao ni wapi, nani ni rafiki yake, amevuka mito gani. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataitambua desturi hii kuwa jamaa ya majigambo. Pakruok humrudishia mtu heshima mbele ya watu. Lakini nayo ina mpaka wake, kwani hakuna anayelipa ili muziki usimame aungame kosa.

Kwa hivyo tuna sauti mbili. Al-Inkishafi inaijua dosari ya nafsi na kuionya. Pakruok inalijua jina zuri la nafsi na kulitangaza. Barua kwa nafsi inahitaji zote mbili kwa wakati mmoja, na inazihitaji faraghani, pasipo hadhira ya kuogopwa wala ya kufurahishwa.

Muundo wa Barua na Kazi Yake

Kila aliyesoma shule nchini Kenya amefunzwa muundo wa barua ya kirafiki: anwani, tarehe, maamkizi, mwili, hitimisho na jina. Wengi waliuona kuwa mzigo wa mtihani. Katika barua kwa nafsi, kila sehemu ina kazi.

Anwani na tarehe humweka mwandishi mahali na wakati. Aliyeumia huko nyuma yuko mwaka mwingine, naye anayeandika yuko leo, tena yu hai. Maamkizi humtaka mwandishi achague jina. Je, atajiita nani? Wengi wana jina la matusi wanalojiita kimoyomoyo, lakini barua haiwezi kuanza kwa tusi na ikabaki kuwa barua ya kirafiki.

Kisha huja salamu. Barua za Kiswahili zina fomula maarufu: mwandishi hudai kwamba yeye ni mzima wa afya, na kwamba hofu na mashaka ni kwa mwandikiwa aliye mbali na upeo wa macho yake. Mtu anayejiandikia hugundua mara moja kwamba fomula hii imevunjika mkononi mwake. Hawezi kuwa mzima ilhali mwandikiwa ni mgonjwa. Hapo ndipo ukweli unapoanza, kwa kuwa swali la "u hali gani?", ambalo watu hulijibu mara kumi kwa siku pasipo kulifikiria, sasa linadai jibu. Mwili wa barua hutaja tukio lenyewe, hukiri kosa kama lipo, hutenga kosa na hali iliyolizaa, na huahidi tendo moja dogo linalowezekana. Hitimisho hutiwa sahihi ya jina lile lile la heshima lililoanzia barua.

Mfano kutoka Nyalenda

Nyalenda ni mtaa wa kusini mwa mji wa Kisumu. Barabara tu ndiyo inayoutenga na majumba ya Milimani, na upande wa pili unashuka kuelekea ufuo wa Dunga. Wakazi wake wengi hupanga chumba kimoja cha mabati au cha udongo, na wanawake wengi hujipatia riziki kwa biashara ndogo ndogo, ikiwemo ya samaki na omena. Katika fuo za ziwa hili watafiti wa UKIMWI wameandika sana kuhusu jaboya, mfumo ambao mvuvi humpa mwanamke mchuuzi nafasi ya kupata samaki kwa sharti la uhusiano wa kimwili. Aliyepitia hayo hubeba aibu isiyo na wa kusimuliwa. Kwake methali ya mwiba wa kujidunga ni hukumu.

Barua ifuatayo imebuniwa kwa ajili ya makala haya. Mwandishi wake wa kubuni ni mjane wa Nyalenda. Anajiita kwa jina la kwao, kama wanawake wa Kiluo waitwavyo kwa heshima na kama angejiita katika pakruok.

"Kwako Nyar Asembo,

Salamu. Ningesema mimi ni mzima na hofu ni kwako tu, lakini wewe ndiwe mtu nisiyeweza kumdanganya. Silali vizuri.

Naikumbuka ile Machi. Ulikuwa na watoto watatu, beseni tupu na deni la mwenye nyumba. Ulikubali sharti la yule mvuvi. Tangu siku hiyo sijakuita ila kwa jina baya. Leo nakuuliza nisilokuuliza wakati ule: ulikuwa umekula? Ulimwendea nani kukopa, naye akakuambia nini? Watoto wale walimaliza muhula, nami sikukushukuru hata mara moja.

Sitasema kwamba hapakuwa na hasara. Kuna kipimo cha damu ambacho umekiogopa miaka hii yote. Jumatano tutakwenda hospitalini, mimi nawe. Hutaketi kwenye foleni ile peke yako.

Pole. Nimechelewa kukuambia.

Ni mimi,
Nyar Asembo."

Msomaji azingatie mambo matatu. Kwanza, mwezi umetajwa kwa sababu. Uvuvi wa omena nchini Kenya hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, kwa hivyo Machi ni mwezi wa mwisho wa kujiwekea akiba. Barua inapotaja hali, lawama hupungua pasipo ukweli kufichwa. Pili, kuna sauti ya Al-Inkishafi: hasara imekubaliwa wala haikufunikwa. Tatu, kuna sauti ya pakruok: jina la kwao, na ushindi wa watoto kumaliza muhula. Ahadi ya Jumatano ndiyo inayothibitisha upendo, kwani mtu anayejichukia haoni haja ya kujipeleka hospitalini.

Tahadhari

Zoezi hili lina masharti yake. Katika chumba kimoja kinachokaliwa na watu watano, karatasi haina pa kujificha. Barua inaweza kumfikia mume, jirani au mtoto anayejua kusoma, na ikaleta madhara. Si lazima ihifadhiwe. Inaweza kuandikwa, ikasomwa mara moja kwa sauti ya chini, kisha ikatiwa jikoni pamoja na makaa. Asiyejua kuandika anaweza kuisema akiwa peke yake njiani, mradi ajiite jina, ajisalimu na aseme "wewe".

Aidha, katika utafiti ule wa 1986, walioandika kuhusu masaibu yao walihuzunika zaidi mara tu baada ya kuandika, kabla ya manufaa kuonekana. Mwandishi asitarajie faraja usiku ule ule. Iwapo kumbukumbu inamlemea au anafikiria kujidhuru, kalamu iwekwe chini na atafutwe mtu: mshauri nasaha, daktari, au jamaa anayeaminika. Barua haichukui nafasi ya tiba. Vilevile haichukui nafasi ya haki. Mjane wa mfano wetu anaweza kujisamehe, lakini mfumo uliomwekea sharti lile bado unapaswa kukomeshwa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba barua kwa nafsi si mgeni katika fasihi zetu. Ina onyo la mtunzi wa Pate na fahari ya mcheza pakruok, nayo huandikwa kwa muundo ule ule uliofunzwa shuleni. Wahenga hawakukosea walipokataa kumpa pole aliyejidunga, kwani walihofia uzembe. Lakini mwiba ukishaingia, swali si nani aliyeuchoma tena, bali ni nani atakayeutoa. Mtu hawezi kuutoa mwiba wa mguu anaoukanyagia kwa hasira. Sharti kwanza aketi, auinue mguu ule, autazame, na aseme pole.