Mwezi, kalenda tuliyovuka nayo mpaka

Kwenye ukurasa wetu wa elimu, safari hii tunazungumza juu ya mwezi, ule wa angani. Somo hili halina karo wala halihitaji umeme. Hata wewe unayekaa na familia nzima kwenye chumba kimoja kule Katwe au Nsambya, toka tu mlangoni usiku, utauona.

Tuanze na lugha zetu. Kwa Kiswahili mwezi ni ule wa juu, na pia ni zile siku thelathini. Majirani zetu Waganda wanasema omwezi, Warundi na Wanyarwanda wanasema ukwezi, wanaosema Kilingala wanaita sanza, na kote huko neno ni moja kwa vitu viwili. Sababu yake ni kwamba kabla ya kalenda ya karatasi watu walihesabu siku kwa kutazama juu. Toka mwezi unapoandama mpaka uandame tena ni siku 29 na nusu hivi. Na siku hizi mwezi ukiandama huko juu, mwenye nyumba naye anatuandama huku chini!

Dini nazo zinaufuata. Ndugu zetu Waislamu wa Kisenyi wanausubiri mwezi ndipo waanze kufunga Ramadhani. Miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354 tu, ndiyo maana kila mwaka Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11. Wakristo wengi hawajui kwamba na Pasaka ni hivyo hivyo. Kwa kanuni ya kanisa ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Kwa hiyo Krismasi haihami, lakini Pasaka inahama.

Sasa sikilizeni hii, hasa ninyi mliotoka Kivu ya Kaskazini. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alikuwa anachimba pale Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka Ziwa Edward. Akapata mfupa mdogo, urefu wake kama sentimita 10, umechorwa mistari mingi katika safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka kama 20,000. Ukihesabu mistari ya safu mbili, kila moja inafika 60. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Alexander Marshack, alisema huenda aliyechora alikuwa anahesabu siku za mwezi. Wengine wanasema hapana, ni hesabu za kawaida tu. Wanaendelea kubishana, na mfupa wenyewe uko Brussels. Lakini kama Marshack alisema kweli, basi moja ya kalenda za zamani kabisa duniani ilichorwa kando ya ziwa letu.

Watoto huwa wanatuuliza kama ni kweli watu walifika mwezini. Ni kweli. Uko mbali kama kilomita 384,000, na watu 12 wameukanyaga, kuanzia Neil Armstrong Julai 1969 mpaka wale wa mwisho Desemba 1972. Walirudi na mawe na udongo kilo 382. Wanauliza pia kama mwezi wa Kampala ndio ule wa kwetu. Ndio ule ule. Mwanga wake ni wa jua, sisi tunaona tu sehemu inayopigwa na jua. Ukiwa mzima hapa, jioni hiyo hiyo ni mzima Goma, Bujumbura na Mogadishu.

Na hapo ndipo tunataka wazazi mtusikilize vizuri. Wengi wetu kwenye karatasi zetu tumeandikwa kuzaliwa tarehe 1 Januari. Tulipoulizwa tarehe hatukuwa nayo, cheti kilibaki kule au kiliungua na nyumba. Kuna mama mmoja kati yetu ambaye kijana wake aliandikwa 1 Januari 2008. Mama anasema sivyo. Mtoto alizaliwa njiani, kama wiki moja baada ya mapigano ya Kiwanja, walipokuwa wameshavuka Ishasha. Anakumbuka jambo moja zaidi: jioni ile jua lilipozama tu, mwezi ulitoka upande wa pili, mviringo kama sahani, na usiku ule mtoto akalia mara ya kwanza.

Kumbe hiyo inatosha. Mapigano ya Kiwanja yalikuwa mwanzoni mwa Novemba 2008. Mwezi unaotoka jua likizama ni mwezi mpevu. Tukatafuta kwenye simu: mwezi mpevu wa Novemba 2008 ulikuwa tarehe 13. Yaani kwenye karatasi kijana alikuwa amezaliwa miezi kumi kabla ya kuzaliwa! Sasa yeye ni mrefu kuliko mama yake, lakini alimuuliza mara tatu, "Mama, una hakika?"

Tusidanganyane lakini. Mwezi unaonekana mzima siku mbili tatu, kwa hiyo inaweza kuwa tarehe 12 au 14. Usipojua mwaka, mwezi peke yake haukusaidii, maana unajaa mara 12 au 13 kila mwaka. Wala hii haibadilishi karatasi za ofisini. Ni ya kumpa mtoto nyumbani, ajue alikuja lini duniani na nani alikuwepo.

Kwa hiyo wazazi, kaeni mkumbuke. Ilikuwa mvua au kiangazi? Kulikuwa na tukio gani, vita, uchaguzi, sikukuu? Na mwezi ulikuwaje? Ukiwa mwembamba jioni upande wa magharibi, ni mchanga, wa siku mbili tatu. Ukiwa nusu na uko juu kichwani jua likizama, umefika siku kama saba. Ukiwa mwembamba alfajiri upande wa mashariki, unakaribia kuisha. Waulizeni na bibi na babu sasa hivi wakiwa bado wapo, kwa sababu wao ndio walioshika haya mambo kichwani.

Na ninyi watoto, kazi yenu ni hii: kwa siku 30 chora mwezi kila usiku kwenye daftari, andika na saa uliyouona. Kukiwa na mawingu, andika "mawingu", usibuni. Ukimaliza lete daftari darasani, na mzazi aje na anachokumbuka. Tutakaa pamoja, tutafute tarehe moja moja.