Mambo ya Kupima Kabla ya Kufunga Paneli za Jua Paani

Mji wa Sumbawanga, katika uwanda wa juu wa Ufipa, uko nyuzi 8 hivi kusini mwa ikweta. Kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la adhuhuri hupita kaskazini. Huko ndiko paneli zielekezwe, zikiinamishwa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua izioshe vumbi. Baridi ya Ufipa ni faida, kwani joto hupunguza nguvu ya paneli. Kivuli cha tawi moja, kikifunika seli chache, hupunguza umeme wa paneli nzima. Kenchi nazo zichunguzwe kama zitahimili uzito na upepo. Muhimu zaidi, mahitaji yakadiriwe kwa mawingu ya Novemba hadi Aprili, si kwa jua la kiangazi. La sivyo betri zitaishiwa chaji mara kwa mara na kufa mapema.