Nyambizi ya Mwalimu

Nyambizi ya kwanza ya kisasa ya jeshi la wanamaji la Marekani ilibuniwa na mtu aliyewahi kuwa bruda. John Philip Holland, mzaliwa wa Liscannor, Ireland, aliishi miaka kama 15 katika Shirika la Mabruda Wakristo akifundisha shule. Mwaka 1873 aliondoka bila kuweka nadhiri za daima, akavuka bahari, akawa mwalimu wa shule ya parokia mjini Paterson, New Jersey.

Chombo chake, USS Holland, kilishushwa majini mwaka 1897. Kilikuwa na urefu wa mita 16 hivi na mabaharia sita. Kuzama si kazi, hata jiwe huzama; kazi ni kurudi juu. Holland alijaza maji kwenye matangi, lakini akabakiza wepesi kidogo. Kisha chombo kiliinamisha pua na kusukumwa chini kwa mota na usukani, kama pomboo. Mota ikizimika, chombo huibuka chenyewe. Juu ya maji kiliendeshwa kwa petroli. Chini, ambako injini ingemaliza hewa ya watu, kilitumia umeme wa betri.

Serikali ilikinunua Aprili 1900 kwa dola 150,000, na tarehe 12 Oktoba kikaanza utumishi chini ya Luteni Harry Caldwell. Kikapelekwa Annapolis, kwenye chuo cha maofisa wa majini, kikawa mwalimu kama mbunifu wake. Hakikumrushia adui kombora hata moja. Mwaka 1910 kilifutwa kwenye orodha ya jeshi, na 1913 kikauzwa kama chuma chakavu kwa dola 100.

Lakini tukijadili maadili darasani huwa tunauliza: mtengenezaji anabeba sehemu gani ya tendo la mtumiaji? Kwa Holland swali hilo si la nadharia. Nyambizi yake ya awali, Fenian Ram ya mwaka 1881, ililipiwa na Waairishi waliotaka kuzipiga meli za Uingereza, naye alilijua hilo. Ajabu ni kwamba mwaka 1901 Uingereza yenyewe ilishusha majini nyambizi iliyojengwa kwa michoro yake.

Holland alifariki tarehe 12 Agosti 1914, vita kuu ikiwa changa kabisa. Tarehe 22 Septemba nyambizi ya Wajerumani, U-9, iliyotumia mpango uleule wa injini juu na umeme chini, ilizamisha manowari tatu za Uingereza kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Walikufa watu zaidi ya 1,400.