Kompyuta na Riwaya Zetu

Wasikilizaji, je, kompyuta inaweza kuchambua fasihi? Wasomi wanabishana. Huko Finland, katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Profesa Arvi Hurskainen alianza miaka ya 1980 kutengeneza programu ya kuyavua maneno ya Kiswahili viambishi vyake: alimpiga, tutapigana, hupigwa, yote yarudi kwenye mzizi mmoja. Bila hivyo mashine ingeyahesabu kama maneno yasiyojuana. Mimi naiunga mkono. Mhakiki gani atasoma riwaya mia moja asisinzie?

Ila hapa Tukuyu mbuzi ni mnyama. Kule pwani kwenye minazi, mbuzi pia hukunia nazi. Mashine hukisia kwa kutazama maneno jirani, na ikikosea, hesabu hupotoka. Tena hadithi za Kinyakyusa wanazosimulia wazee wetu wa Rungwe, zile zisizoandikwa, kwa kompyuta hazipo.