Rafiki wa mtoto wako katika mchezo wa mtandaoni ni nani?



Mama mmoja wa kanisa letu alipigiwa simu na dada yake anayeishi Marekani. Dada alikuwa na hofu. "Kijana wangu ana miaka 12," alisema. "Kila jioni anafunga mlango, anavaa spika za masikioni, kisha ninasikia anacheka na watu. Nikimuuliza ni nani, ananijibu: Mama, ni marafiki zangu. Lakini hakuna hata mmoja niliyewahi kumwona." Mama yetu hakujua la kumjibu, akatuletea swali hilo baada ya ibada.

Swali hilo si la familia moja. Ndugu zetu wengi waliopitia kambi za Nyarugusu, Nakivale na Dzaleka leo wanalea watoto huko Marekani, Kanada na Australia, na wanapokosa shauri wanatupigia sisi wa nyumbani. Huku kwetu pia PlayStation si kitu kigeni tena. Basi ni vema tuelewe jambo lenyewe kabla ya kulisifu au kulikataza.

Benchi la mtaani na benchi lisiloonekana

Wengi wetu tunajua chumba cha kuchezea mtaani. Vijana wanaketi kwenye benchi mbele ya televisheni, wawili wanashika maneti, wengine wanangoja zamu yao. Anayecheza na mtoto wako ameketi pembeni yake. Ukipita mlangoni unamwona, na pengine unamjua mama yake.

Mchezo wa mtandaoni nao una benchi, lakini hilo halionekani. Mashine ya michezo inaunganishwa na intaneti, na yule wa upande wa pili anaweza kuwa katika mji mwingine au bara lingine. Ndiyo maana neno "rafiki" ndani ya mashine lina maana tofauti na ile tunayoijua sisi.

Namna wachezaji wanavyoungana

Kwanza ni jina. Mchezaji anafungua akaunti kwa kampuni yenye mashine: Sony kwa PlayStation, Microsoft kwa Xbox, Nintendo kwa Switch. Kwenye PlayStation na Xbox anachagua jina la kuchezea, na wengi hawaweki jina lao la kweli. Anayejiita Simba anaweza kuwa mtoto wa miaka 10 au mtu mzima wa miaka 40. Nintendo hutumia namba: kila mchezaji wa Switch ana kodi ya tarakimu 12, na anayetaka kuwa rafiki yake anaweza kuiandika kodi hiyo.

Pili ni ombi. Mchezaji anatafuta jina la mwenzake na kumtumia ombi la urafiki. Mwenzake akikubali, kila mmoja anaingia katika orodha ya mwingine. Orodha ya PlayStation inaweza kubeba marafiki 2000, na ya Switch 300. Tujiulize: ni nani kati yetu mwenye marafiki 2000?

Tatu ni kuonekana. Ukiwa katika orodha ya mtu, kwa kawaida anaona kama umewasha mashine na unacheza mchezo gani. Anaweza kukualika, au kuingia mchezoni mwako ikiwa mchezo unaruhusu. Mchezaji anaweza pia kujificha, aonekane kama hayupo.

Nne ni kuzungumza. Kwenye PlayStation na Xbox, marafiki wanaweza kufungua kikundi cha sauti na kuongea kwa mikro wakati wote wa mchezo, hata kama kila mmoja anacheza mchezo wake. Hicho ndicho kicheko ambacho yule mama alikuwa akikisikia.

Zamani mwenye PlayStation na mwenye Xbox hawakuweza kucheza pamoja. Hali ilianza kubadilika 2018, Sony ilipokubali wachezaji wa PlayStation wacheze Fortnite pamoja na wale wa Xbox na Switch. Katika Fortnite mchezaji anakuwa na akaunti ya pili, ya kampuni ya Epic Games, yenye orodha yake ya marafiki. Mzazi akumbuke hilo: mtoto mmoja anaweza kuwa na orodha mbili au tatu, na kuitazama moja tu hakutoshi.

Mgeni anageukaje kuwa "rafiki"?

Michezo mingi hukuchagulia wa kucheza naye. Mtoto akiwasha mchezo wa mpira uliokuwa ukiitwa FIFA, na ambao tangu 2023 unaitwa EA Sports FC, anaweza kumwalika binamu yake. Lakini anaweza pia kuiachia mashine imtafutie mpinzani yeyote duniani. Mchezo ukiisha, mashine inahifadhi majina ya waliocheza naye karibuni. Kugusa kidogo tu kunatosha kutuma ombi. Mtu aliyekutana naye kwa dakika 15 anaingia katika orodha ileile alimo binamu yake, na kesho anamsalimu kwa sauti.

Wengi wa wageni hao hawana nia mbaya. Lakini hofu ya wazazi ina msingi. Mwezi wa Desemba 2022, tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilitangaza kwamba Epic Games imekubali kulipa dola milioni 520. Sehemu ya malalamiko ilikuwa kwamba Fortnite ilifungua mazungumzo ya sauti na maandishi bila mtumiaji kuombwa, hivyo watoto wakawekwa pamoja na watu wasiowajua, na baadhi yao wakatukanwa na kutishwa. Kampuni iliagizwa kuyafunga mazungumzo hayo kwa watoto na vijana mpaka idhini itolewe.

Tusisahau upande mwingine. Kwa familia iliyotawanyika, mchezo huu unaweza kuwa mahali pa kukutana. Watoto wa ndugu wawili, mmoja Kanada na mwingine Marekani, ambao wasingejuana kabisa, wanaweza kucheka pamoja kila Jumamosi. Kuchezea huku na kule ni vigumu zaidi. Mtoto wa mashariki ya Marekani anaporudi shuleni saa tisa ya mchana, huku kwetu ni saa tatu au saa nne za usiku. Tena, kwa umbali huo, mchezo wa kasi kama mpira huchelewa kuitikia vidole.

Mzazi afanye nini?

Keti na mtoto na kuisoma orodha pamoja naye. Usimnyang'anye mashine. Mwombe akueleze kila jina: huyu ni nani, mlikutana wapi? Asiyeweza kuelezwa aondolewe.

Mtoto awe na akaunti ya mtoto, yenye umri wake wa kweli, chini ya akaunti ya mzazi. PlayStation, Xbox na Switch zote zina sehemu ya mzazi ya kuzuia mazungumzo na wasiojulikana, kupanga saa za kucheza na kuzuia matumizi ya pesa. Akiandika umri wa uongo, ulinzi huo hautamfikia.

Mashine iwekwe sebuleni, si chumbani nyuma ya mlango uliofungwa.

Mfundishe mtoto dalili za hatari: mtu anayeomba picha, anayetaka kujua shule au mtaa wake, anayempa zawadi za mchezo bila sababu, anayetaka wahamie kuongea kwenye simu, na hasa anayesema, "Usimwambie mama." Umwahidi mapema kwamba akikuletea habari kama hiyo hutamwadhibu. Mtoto anayeogopa kupoteza mchezo wake atanyamaza.

Mama wa kanisa letu aliyapeleka maneno haya kwa dada yake. Wiki mbili baadaye simu ilirudi. Orodha ya kijana ilikuwa na majina 41. Wawili walikuwa binamu zake wa Kanada, watano wa darasa lake. Wengine 34 hakuweza kuwaeleza, na wawili kati yao walikuwa wamekwisha kumuuliza anaishi wapi. Waliwaondoa pamoja, mama na mwana, jina moja baada ya jingine. Sasa mashine iko sebuleni, na siku za Jumamosi mama naye anawasalimu wale binamu kwa mikro.

Mungu awape wazazi wote, wa huku na wa ng'ambo, hekima na uvumilivu.