Marathoni ya kwanza baada ya mtoto: panga bajeti ya saa kabla ya viatu

Msimu wa mbio ukikaribia, maswali tunayoletewa na wateja huwa ni yale yale. Usajili nalipia vipi? Paybill yao ni gani? Nikikosea namba, pesa itarudi? Siku hizi kuna swali lingine linalofuata hayo, na mara nyingi linaingia usiku, saa ambazo watu wamelala lakini mama mwenye mtoto mchanga yuko macho: nimejifungua juzi, nataka kukimbia marathoni yangu ya kwanza, na pesa yenyewe ni hii hii kidogo, nijipange vipi?

Sisi ni watu wa malipo, si makocha wala madaktari. Lakini tulikaa chini tukapiga hesabu ya jambo lenyewe, na tunaona wengi huanzia mahali pasipofaa. Huanza na viatu. Viatu ni rahisi kupangia kwa sababu vina bei. Kile ambacho mama wa mtoto mdogo hana ni saa, na katika nyumba yenye mtoto saa hununuliwa: kwa pesa ya yaya, kwa nauli ya shosho anayekuja Jumamosi, au kwa mapatano ya kweli na baba mtoto. Bajeti ambayo haina mstari wa saa itakufa wiki ya tatu, hata kama raba ni mpya kutoka dukani.

Waliotangulia walichukua muda

Catherine Ndereba alimzaa binti yake mwaka 1997. Marathoni yake ya kwanza ilikuwa Boston mwaka 1999, akamaliza wa sita. Mwaka uliofuata alirudi huko huko akashinda, na 2001 akaweka rekodi ya dunia pale Chicago kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Mary Keitany naye alijifungua mtoto wake wa kwanza mwaka 2008. Mwaka 2009 akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni huko Birmingham, na marathoni ya kwanza akaikimbia New York mwaka 2010, akawa wa tatu.

Hebu angalia hiyo miaka. Hawa ni watu ambao kukimbia ndiyo kazi yao ya kila siku, na bado ilipita kama miaka miwili kati ya kujifungua na kilomita 42 za kwanza. Keitany alipitia nusu marathoni kwanza. Ndereba alikuwa akisafiri kwenda kushindana Marekani huku mumewe akibaki na mtoto. Wakati ule bingwa wa dunia alihitaji mtu wa kushika mtoto, sembuse mimi na wewe tunaorudi kazini Jumatatu.

Kwa hivyo ukiona mtu mtandaoni amejifungua na baada ya miezi sita ana medali shingoni, mpongeze, halafu uendelee na mpango wako. Nairobi Marathon, ambayo ilianza 2003 na hukimbiwa Oktoba, huwa na mbio za kilomita 10 na 21 kando na zile 42. Tungekuwa sisi, mwaka wa kwanza tungelipia 10 au 21, na 42 ingoje mwaka wa pili. Hata mfukoni inakuwa nafuu, kwa sababu gharama inagawanyika miaka miwili.

Miezi mitatu yenye mtego

Wataalamu wa fiziotherapia kwa kawaida hushauri mama asianze kukimbia kabla ya miezi mitatu tangu ajifungue, na hata hapo awe amekaguliwa kliniki kwanza. Kabla ya hapo ni kutembea na kuimarisha misuli ya chini ya nyonga, ile inayobana mkojo. Aliyejifungua kwa upasuaji anahitaji subira zaidi. Ukikimbia na mkojo ukavuja, au ukahisi uzito kama kitu kinashuka chini, au damu ikarudi, hiyo si ya kuvumilia kisa na maana mama yako alivumilia. Simama, umwone daktari. Weka pesa ya ziara hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo, maana ikikosekana ndipo watu hujiambia itaisha yenyewe.

Sasa mtego wenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Maana yake ni kwamba wiki ile mwili unaanza kuruhusiwa kukimbia ndiyo wiki ile ile unarudi kazini. Saa ulizodhani utazipata zinachukuliwa na foleni ya Thika Road. Mpango wa mazoezi ulioandikwa wakati wa likizo, mtoto akiwa amelala kifuani, haujui jambo hilo. Ndiyo sababu tunasema hesabu ya saa ifanywe ukiwa bado kwenye likizo, na pesa yake ianze kuwekwa hapo.

Hesabu yenyewe

Chukua mama anayekimbia kilomita moja kwa dakika 8, mwendo wa kawaida kabisa kwa mtu wa mara ya kwanza. Kilomita 42.195 zitamchukua kama saa 5 na dakika 38. Kwenye mazoezi, siku ya mbio ndefu ya kilomita 30 ni saa 4 barabarani. Ongeza nusu saa ya kunyonyesha kabla ya kutoka, kuoga, kula, na ile nusu saa ya kukaa sakafuni ukiangalia ukuta. Hiyo ni asubuhi nzima ya Jumamosi. Katikati ya wiki kuna mbio fupi mbili au tatu za dakika 40 hadi saa moja, na hizo unaweza kuzipenyeza alfajiri ikiwa kuna mtu mwingine nyumbani na barabara yenu ni salama.

Mipango mingi ya marathoni huwa ya wiki 16 hadi 20. Tuseme wiki 18. Tuseme pia mmepatana na yaya shilingi 500 kwa kila asubuhi ya Jumamosi, kando na mshahara wake. Wiki 18 ni shilingi 9,000. Ukiambiwa utoe 9,000 leo utacheka. Lakini shilingi 50 kwa siku, kwa siku 180, ni hiyo 9,000. Ukianza kuweka miezi sita kabla ya mazoezi makali, asubuhi zote 18 zimelipwa kabla hujafunga kamba za viatu.

Weka pesa hiyo mahali ambapo haionekani kwenye salio la kila siku. Akaunti ya akiba ya kwenye simu yenye kufungwa mpaka tarehe fulani inafaa, na kama menyu inakuruhusu kupanga makato ya kila siku, yapange yatoke asubuhi kabla matumizi hayajaanza. Ipe jina. Ikiitwa «Akiba 2» utaila mwezi wa pili. Ikiitwa «Jumamosi za yaya» utasita kidogo kabla ya kuigusa, na wakati mwingine kusita huko kunatosha.

Na umlipe siku hiyo hiyo. Hatuna upole kwa jambo hili: usimwambie yaya kwamba hizo za Jumamosi utamjumlishia mwisho wa mwezi, halafu mwisho wa mwezi ufike na kodi na umeme na pampasi. Yeye ndiye anayekuwezesha kukimbia. Mtumie kwa simu ukishafika nyumbani, ili ujumbe ubaki kwako na kwake, na kusiwe na ubishi kuhusu ni Jumamosi ngapi. Ikiwa ni shosho, mtumie nauli Ijumaa jioni pamoja na gharama ya kutolea. Asikope ili aje akusaidie.

Kama ni baba mtoto anayebaki, hatuoni sababu ya kumlipa mtu kukaa na mtoto wake. Lakini saa zake nazo ziandikwe kwenye kalenda kama miadi ya kazi. «Nitakuwepo» haitoshi.

Viatu, sidiria, maziwa

Tumefika kwenye viatu. Miguu ya wanawake wengi huongezeka ukubwa wakati wa ujauzito na mara nyingine hairudi, kwa hivyo usinunue kwa saizi uliyovaa kabla ya mtoto. Pima jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Raba za mtumba za Gikomba au Toi zinaweza kuwa nzuri, ila bonyeza soli kwa kidole: ikiwa ngumu kama ubao, hiyo ilishakimbiwa na mtu mwingine mpaka ikaisha. Jaribu, kubaliana bei, ndipo ulipe. Anayetaka deposti kabla hujaona kiatu, mpite.

Sidiria ya mazoezi ndiyo usiyofaa kuibania pesa unaponyonyesha, na saizi yake nayo itabadilika. Nyonyesha au ukamue kabla ya kutoka, kukimbia kutakuwa na raha zaidi.

Kuhusu maziwa yaliyokamuliwa, kuna hesabu inayogongana vibaya na mbio ndefu. Maziwa yakiachwa mezani, hata nyumba isiyo na joto kali, yasipite saa 4. Mbio yako ya Jumamosi ni saa 4, bado kufika nyumbani. Kwa hivyo yakae kwenye friji, ambako hudumu hadi siku 4, au kwenye kikebe cha barafu ikiwa friji hamna. Ukiwa kazini, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na mahali pa kunyonyeshea au kukamulia, na hapo si chooni. Uliza. Maziwa ya Ijumaa kazini ndiyo ya Jumamosi asubuhi.

Hapo kwenye usajili ndipo pesa hupotea

Mbio kubwa zikikaribia kujaa, huanza kutokea watu kwenye Facebook na makundi ya WhatsApp wakiuza «nafasi» kwa bei ya punguzo. Nembo ni ile ile, picha ya fulana ni ile ile, halafu mwisho kuna namba ya simu ya mtu binafsi ya kutumia pesa. Mama mwenye dakika tano huku mtoto analia ndiye mteja anayetafutwa. Hana muda wa kuhakikisha.

Fanya hivi. Anza kwenye tovuti ya mbio yenyewe, uandike anwani mwenyewe badala ya kubofya kiungo ulichotumiwa. Malipo ya usajili huja kwa Paybill yenye namba ya akaunti uliyopewa baada ya kujaza fomu, na namba hiyo ndiyo inayounganisha pesa yako na jina lako, kwa hivyo inakili herufi kwa herufi. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa jina la mtu badala ya la mbio au la kampuni inayoendesha usajili, acha hapo hapo. Ujumbe wa kuthibitisha usiufute hadi uwe na namba ya kifuani mkononi.

Ukishatuma mahali pasipofaa, omba kurudishiwa saa hiyo hiyo kupitia menyu au wahudumu wetu. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa iliyokwisha kutolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Na akikupigia mtu akisema anakusaidia kurudisha, halafu akakuuliza PIN, si sisi. Hatuiulizi kamwe.

Kabla ya kulipa, soma pia mambo mawili ambayo watu hupita haraka: kama ada hurudishwa au kuhamishiwa mwaka ujao mtu akiugua au mtoto akiugua, na barabara hufungwa kwa saa ngapi. Mtu wa saa 5 na dakika 38 hawezi kujisajili kwenye mbio inayofungwa baada ya saa 5, hata fulana iwe nzuri namna gani.

Jioni ya kuamkia mbio

Pesa ya anayebaki na mtoto itumwe jioni, pamoja na bando, na kiasi kidogo cha dharura cha teksi. Asubuhi utakuwa na haraka, na barabara za karibu na uwanja zitakuwa zimefungwa. Patana na boda au teksi mahali pa kukuchukua nje ya sehemu hiyo.

Ukibeba simu, ibebe kwenye mkoba wa kiunoni, ikiwa na nywila, na salio dogo tu la siku hiyo. Iliyobaki irudishe kwenye akiba. Anayebaki nyumbani awe na namba yetu ya huduma ili simu ikipotea kwenye umati akupigie laini ifungwe, wewe ukiwa bado kilomita ya 20. Namba yake iandike nyuma ya ile karatasi ya kifuani. Na ile 500 ya Jumamosi, siku hii ni Jumapili na ni ndefu kuliko zote, kwa hivyo iwe 1,000.