Figo na Maradhi Yake

Watu wengi wana figo mbili, kila moja kadiri ya ngumi. Lakini wako wazaliwao na moja tu, na wengine figo zao zimeungana kwa chini mfano wa kiatu cha farasi, nao huweza kuishi hata uzeeni pasipo kujua.

Maradhi ni jambo jingine. Mawe ya figo huumiza sana, basi mgonjwa humwendea daktari upesi. Kisukari na shinikizo la damu ni wabaya zaidi, maana huharibu figo bila uchungu. Miguu ivimbapo, mara nyingi madhara yamekwisha kuwa makubwa. Kichocho nacho, kipatikanacho katika madimbwi ya pwani ya Kenya, huweza kuziba njia ya mkojo hata figo zikaharibika. Akojoaye damu apimwe mkojo. Kichocho hutibiwa kwa vidonge.